Uso kwenye Kifuniko cha Tangi

Saa nne na dakika kumi asubuhi niliwasha taa ya tangi la samaki, na uso wa mdogo wangu ukatokea juu ya maji.

Sijachanganyikiwa. Soma mpaka mwisho.

Samaki wawili walisharuka nje wiki hii, nikaamua kutengeneza kifuniko mwenyewe. Nilitoa kioo kwenye fremu kuukuu ya stoo, nikakipangusa kwa kitambaa kikavu, nikabandika utepe wa taa ukingoni. Nikakiweka juu ya tangi, nikafunga pazia ili nijaribu.

Ilikuwa fremu ya picha ya mdogo wangu huyo, kitindamimba wetu aliyezama. Mama aliitoa picha yake siku watafutaji waliporudi kutoka mtoni mikono mitupu. Picha ikikaa miaka mingi huacha ukungu wa umbo lake kwenye kioo. Kwa kawaida huuoni. Mwanga ukipita ukingoni, unang'aa wote: paji, macho, hata lile jino lililochomoza.

Mama alikuwa mlangoni, amekuja kunitania. "Fundi, unafuga samaki au unafungua sinema?"

Kisha akauona uso.

Nikazima. Akasema, "Washa."

Nikamwambia, "Mama, ni ukungu tu." Ukungu tu. Ndivyo nilivyomwambia, mwenzangu.

Hakulia. Aliuliza, "Bado yumo majini?"

Nilikiondoa kioo. Hakukifuata kwa macho. Alikuwa anatazama maji.

Akachukua kikombe, akaanza kuchota. Nikamsihi aache. "Nisaidie, mwanangu, au nipishe."

Nilileta ndoo, nikawahamisha samaki.

Saa tano kasoro kumi maji yalikwisha. Mama aliinama, akapapasa changarawe yote kwa kiganja, pembe kwa pembe.