Mama Atapanda Ndege ya Dada

Nyumbani,
Jumapili, 8 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti limeacha kukusumbua, na sasa unapanda ngazi bila kununa. Sisi tu wazima. Baba anakohoa kidogo, ila anasema ni vumbi la chaki la darasani kwake.

Dada amemaliza masomo kwenye ile mashine ya kuigiza ndege. Sasa anarusha ndege yenyewe, abiria wakiwemo, na rubani mkufunzi ameketi kando yake. Jumamosi zamu yake ni safari ya kuja kwenu, ile ile aliyokatiwa Mama tiketi. Mama aliposikia neno "mafunzo" aliweka mkasi chini, akasema hapandi ng'o, atasubiri mtoto afuzu. Dada alikwenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Niliumia, na wajua mimi si msemaji. Nikaenda maktaba. Kumbe zamani aliyejua kurusha alikabidhiwa ndege na abiria wake, njia ataijua huko huko. Baadaye mashirika ya ndege yakataka kwanza aketi nyuma ya wenzake atazame. Kisha masharti yakaongezwa kidogo kidogo, mengine baada ya ajali: arushe akisimamiwa, halafu apimwe kwenye safari halisi. Hata mashine zilipokuja, hatua hiyo haikufutwa, maana mashine haina mvua ya kweli wala abiria waliochelewa.

Nilimweleza Mama haya mezani. Nikamalizia kwamba huenda Dada hataangaliwa tena kwa makini kama anavyoangaliwa sasa.

Mama akauliza, "Kwa hiyo akishafuzu, huyo mwalimu anamwacha?"

Nikasema ndiyo, atapangwa na rubani yeyote mzoefu.

"Basi napanda sasa hivi, mwalimu wake angalipo."

Baba alicheka mpaka akapaliwa na chai. Dada alijifanya amekasirika, lakini baadaye nilimsikia akiimba bafuni. Mama anajishonea gauni la safari.

Nisalimie Shangazi na wale binamu zangu mapacha. Mungu awatunze nyote, na goti lako alikumbuke.

Ila nina ombi, Mjomba. Dada ameomba apangiwe pia safari ya kumrudisha Mama mwezi ujao, na Mungu akijalia atakuwa ameshafuzu. Mama hajauliza, nami sijasema. Wewe ni kaka yake, tafadhali mweleze polepole.

Wako akupendaye,
mpwa wako, Kimya