Ufa Chini ya Gari la Baba

S.L.P. 61,
Isiolo.
Jumatano, 9 Machi 1977.

Mpendwa kaka yangu Guleid,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani huko Kadifu, Uingereza? Kifua chako je, kimepona ile baridi uliyotuandikia? Hooyo, kama mama yeyote, anauliza kama unakula chakula cha maana au ni chai na mkate tu, na anasema usilale bila soksi. Sisi hapa Wabera miili yetu ni mizima, alhamdulillahi. Hodan wangu ametimiza miaka mitatu na anakutaja kwa jina. Picha yako ukutani anaibusu kila asubuhi hadi kioo kimejaa mate.

Mvua bado haijanyesha. Mbuzi wa Hooyo wamebaki saba, na yule beberu mkorofi bado yuko hai, kwa bahati mbaya.

Sasa kaka, kaa chini nikueleze kwa nini nimekuandikia kabla hujaijibu barua yangu ya mwisho. Ni gari la Baba.

Unakumbuka alivyolinunua kwa Daktari Hatoni, yule Mzungu wa mifugo, mwaka wa sitini na nne alipokuwa akirudi kwao. Alimwachia gari, akamwachia na ufunguo wa sanduku lake la posta. Kitabu cha gari hakikubadilishwa jina hadi leo. Basi barua za Daktari zikaendelea kuja kwetu, na Baba unamjua, barua ya mtu kwake ni amana. Akaziweka kwenye kasha la Hooyo, chini ya nguo, zimefungwa vilevile, akingoja mwenyewe arudi kuzichukua. Miaka kumi na tatu! Huenda Daktari alishazikwa zamani, na amana yake bado inalindwa Isiolo.

Mwezi uliopita Hooyo alifungua kasha akakuta mchwa wamemtangulia. Bahasha nne zilikuwa zimeliwa pembeni. Baba akaniambia nizipanguse vumbi, nisisome. Lakini kaka, mchwa walikuwa wameshafungua, na mimi macho ninayo. Nilisoma.

Zote nne zimetoka kwa kampuni iliyoliunda gari. Ya kwanza ni ya mwaka wa sitini na tano. Inasema magari ya toleo lile, na namba ya gari letu imo, yana chuma kibovu, ule mkono wa chini unaounganisha usukani na magurudumu ya mbele. Unaweza kupata ufa na kukatika gari likiwa mwendoni. Mwenye gari aache kuliendesha, alipeleke kwa wakala atengenezewe bure. Ya pili inarudia hayo hayo. Ya tatu inaongeza bomba la breki linalosuguana na fremu. Ya nne ni ya mwaka wa sabini, nayo inasema ni onyo la mwisho. Nilizisoma nimeketi sakafuni. Miaka yote hiyo tulipakiwa humo, wewe na mimi, na Hooyo siku alipougua, na kila bi harusi wa ukoo wetu.

Nilizipeleka kwa Marete, yule fundi Mmeru mwenye gereji karibu na soko. Alilala chini ya gari asubuhi nzima. Bomba la breki lilikuwa limelika hadi limekuwa jembamba kama karatasi, na alilibadilisha siku ile ile. Kisha akausafisha ule mkono wa chuma kwa mafuta ya taa, akaukausha kwa kitambaa, akaupaka unga wa chaki, akaniambia tungoje. Tukangoja. Mstari mweusi, mwembamba kama unywele, ukajitokeza wenyewe kwenye chaki, pale mafuta yalipokuwa yamejificha ndani ya ufa.

"Deqa," akaniambia, "hii gari imekuwa ikienda na huruma ya Mungu tu. Na hii chuma haichomwi na welding. Ukichoma itakatika, na haitakuambia."

Nikaandika Nairobi kwa wakala. Wamejibu kwa adabu nyingi. Wanasema wanahitaji sahihi ya mwenye gari, yaani Daktari Hatoni, kwa kuwa jina lililo kwenye kitabu ni lake. Tena wanasema chuma hicho hawanacho, huenda kikapatikana huko huko Uingereza. Nilicheka kaka, kisha nikalia.

Nilipomwonyesha Baba ile chaki, aliitazama kidogo akaifuta kwa kidole. Akasema ni mkwaruzo. "Gari halijui kusoma," akaniambia. "Limetembea miaka kumi na tatu salama. Nyinyi ndio mmelisomea ugonjwa." Kilichomuuma zaidi ni kwamba barua zimesomwa.

Lomuria, yule Mturkana anayempakizia Baba mizigo tangu ukiwa hapa, alinifuata Jumapili nikiwa naanika nguo. Yeye na Baba walikuwa wametoka Leparua na magunia. Baba alimkataza kusema, lakini alisema. "Mama Hodan, mzee alizungusha usukani, lakini gari haikuzunguka. Ilienda tu, halafu ikakubali." Lomuria yule aliyekuwa akigombania kiti cha mbele sasa hakitaki. Anasimama nyuma kabisa, mkono mmoja juu ya fremu ya turubai na mguu mmoja nje. Nimemwona mwenyewe. Tangu nimwone hivyo sipati usingizi.

Ndiyo maana nakusihi kaka. Namba ya chuma na namba ya gari nimeziandika kwenye karatasi iliyo ndani ya barua hii. Kitafute, kitume kwa ndege kama inawezekana. Na umwandikie Baba wewe mwenyewe. Mimi kwake ni mtoto wa kike mwenye woga. Wewe kifungua mimba wake, maneno yako huyabeba mfukoni na kuwasomea watu wa msikitini.

Lakini najua barua hii itakaa njiani wiki mbili, na keshokutwa Ijumaa ni arusi ya binti wa shangazi Isnino kule Kulamawe. Baba alishatoa ahadi kwamba bi harusi atapanda gari lake, kama wengine wote waliomtangulia. Nilimwomba tukodi lori. Akaniuliza kama nataka aonekane mbele ya wakwe mtu asiye na neno. Watapanda kumi na wanne pamoja na vyombo, na unaujua ule mteremko wa kushuka kwenye lagga, lile korongo la mto mkavu. Marete amekaza alichoweza kukaza na kufunga waya pale penye ufa. Alipomaliza hakutaka kunitazama.

Nimeogopa hadi nimechoka kuogopa. Kwa hiyo jana nilimwambia Baba kwamba nami nitakwenda, nikae mbele kando yake. Akiwa na mmoja wetu kitini haendi mbio, hiyo wewe unaijua, na mimi nitakuwa nikimsemesha njia nzima asikanyage mafuta. Alifurahi sana, maskini. Alidhani nimekubali kwamba ni mkwaruzo.

Hodan nitamwacha kwa Hooyo. Nimewaambia ana kikohozi. Hana kikohozi chochote.

Hooyo anakusalimu na kukuombea kila swala. Baba naye anakusalimu, anasema gari ni zima. Lomuria na Marete wanakusalimu. Nisalimie Dualeh, binamu yetu, na watu wote wa nyumba mnayokaa.

Mwenyezi Mungu akulinde katika nchi ya watu, atulinde na sisi barabarani, na atukutanishe tukiwa hai.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda tangu uliponibeba mgongoni,

Deqa Shuriye