Sharti la Mama Verediana

Kata ya Daudi, Mbulu
Jumatatu

Kaka Patriki,

Shikamoo. Habari za Basotu, na hayo matrekta yako? Huku baba anasumbuliwa na magoti lakini shambani anakwenda vilevile, mama hajambo, na yule ng'ombe mweupe amezaa. Nakuandikia kwa sababu simu hupokei, na ukipokea, nikimtaja baba tu unasema mtandao unasumbua. Barua hii ataileta Farouk, yule anayeuza vitenge mnadani. Karatasi huwezi kuikata, kaka yangu.

Wiki iliyopita niliwafundisha kidato cha pili neno la Kiingereza, unless. Unalikumbuka? Lilikuwa linakutoa jasho kila mtihani. Niliwaambia maana yake ni isipokuwa, au ila kama: unataja jambo litakalotokea, halafu unaacha mlango mmoja wa kuliepuka. Nikawaeleza na asili yake, kwamba lilianza kama maneno kadhaa yaliyomaanisha kwa sharti lililo chini ya hili, yakasagika midomoni mwa watu mpaka yakawa moja.

Kisha nikaomba mfano. Akasimama Oliva, mjukuu wa jirani yetu Mama Verediana, akaandika ubaoni kwamba nyumba ya mwizi wa mpaka itakwisha, unless mwizi aseme mwenyewe. Darasa zima likaniangalia. Nikamwekea alama ya vyema, nikafuta ubao.

Maana hujasikia ya huku. Tangu afiwe na mumewe, Mama Verediana amekuwa akisema minyaa ya mpaka kati ya shamba lake na letu imehama. Sisi tukamwona amezeeka tu. Sasa amelipeleka jambo hilo kwa wazee, nao watakaa Jumamosi wamlaani aliyeihamisha. Utasema sisi ni watu wa kanisa. Haya, hata katekista siku hizi anazunguka njia ya chini asipite pale mpakani. Mama Verediana hataki fidia wala ng'ombe. Anataka aliyeing'oa aseme mbele ya watu kwa mdomo wake, na airudishe kwa mikono yake. Chini ya hapo hapokei.

Baba alikasirika, unamjua. Alisimama akawaambia wazee wasitafute mbali, waanze na nyumba yake: kama kuna wa kwake aliyeigusa minyaa ile, uzao wa nyumba hiyo ukome. Walimsihi apunguze maneno, akakataa. Alirudi nyumbani amenyooka na fimbo yake, ameridhika kabisa, nami nilimhurumia mpaka nikaingia jikoni kulia.

Sasa nikuambie. Mwaka ule ulipokuja kutusaidia kulima, nilikuona. Nilikuwa natoka bondeni na ndoo ya maji, wewe umeinama unaing'oa minyaa na kuipanda upande wa Mama Verediana, utomvu mweupe umekujaa mikononi. Jioni ulimwambia mama macho yanakuwasha kwa vumbi. Nilidhani baba ndiye aliyekutuma, nikanyamaza. Siku alipoapa ndipo nikajua hajui lolote.

Na lingine, ambalo mama peke yake analijua. Nina mimba. Aliyenipa amenikana, kwa hiyo mtoto huyu atazaliwa hapa, atakuwa uzao wa nyumba ya baba. Tangu siku ya kile kiapo natokwa na damu kidogo kidogo. Nesi ameniambia ni uchovu, nipumzike. Sipumziki, kaka. Naogopa.

Usinitumie hela, wala usimtume mtu akusemee. Njoo mwenyewe.

Mama anakusalimu sana. Baba naye anakusalimu, anasema ukiwahi Jumamosi utaketi karibu naye kwenye kikao, kwa sababu wewe ndiye mwanawe mkubwa. Nami nitakuwepo. Nitasimama nikutaje mbele yake, unless utangulie wewe.

Mdogo wako akupendaye,
Letisia