Meno ya Chuma Kutoka Mururu

Jumatatu, 13 Januari 2003

Nimebadilisha chujio la dizeli tena. Mara ya tatu mwezi huu. Dizeli chafu, joto la Bugarama, vumbi. Buldoza imewaka saa mbili, saa nne imefika kwenye mwamba, saa nne na nusu imesimama. Sepeto la mbele linakwaruza jiwe tu. Cheche na kelele, basi.

Mfereji umekwama palepale. Juu ya mwamba, mashamba ya wenyeji yana maji. Chini yake viwanja vipya, vyetu sisi tuliorudi Rwanda kutoka Kongo, vikavu kama kigae. Changu ni cha nne kutoka mwisho. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi ni mwaka wa saba, ndiyo kwanza nimepewa.

Miche yetu ya mpunga iko kitaluni, tunaimwagilia kwa ndoo. Ina siku kumi. Ikipita mwezi bila kuhamishiwa shambani itazeeka, haitazaa. Na prezida wa koperative, mkuu wa ushirika wetu wa mpunga, amesema wazi: kiwanja kisichopandwa msimu huu kinarudishwa.

Naogopa. Naandika hapa ili nisimwambie mke wangu, Maman Solange.

Jumatano, 15 Januari

Mzee Ramadhani, dereva wa buldoza, leo kafungua mdomo. Ajabu. Miezi minne tunafanya kazi pamoja, yeye juu ya kiti, mimi chini na spana, na hatujapita salamu. Kwake mimi ni fundi wa Kongo. Buldoza anaiita Bibi. Aliiendesha kabla ya vita. Wakati wa vita aliifungua pampu ya dizeli akaizika nyuma ya nyumba yake, ili asitokee mwizi wa kuondoka na Bibi. Mtu wa namna hiyo humfundishi kitu.

Kasema kule Mururu, juu mlimani, kuna buldoza iliyokufa tangu zamani, ya kampuni iliyokuja kupasua mawe ikaenda zake. Ina ripa, yale meno ya nyuma yanayochana ardhi ngumu kabla sepeto halijaisukuma. Bibi hajawahi kuvaa meno nyuma. Nyuma ana winchi tu, imeshika kutu.

Nilimwambia kumvisha Bibi meno hayo haiwezekani. Nikaenda nyumbani, sikula vizuri. Inawezekana.

Jumamosi, 18 Januari

Mururu. Mgongo wangu umekwisha.

Lori lilibaki barabarani. Juu ni njia ya miguu tu, kati ya migomba na mihogo. Buldoza tuliikuta imeota nyasi mpaka kwenye kiti, mbuzi kafungwa kwenye mnyororo wake. Tumefungua tangu asubuhi. Boriti ya ripa tumeiteremsha kwa kamba, ikiteleza juu ya magogo ya migomba. Meno matatu hayakutaka kuteleza. Mazito, yamepinda, yanaangukia miguu ya watu.

Ndipo mwenyeji mmoja akaleta ingobyi, machela ya kusukwa ambayo huku mlimani hubebea wagonjwa. Jino la kwanza tukalilaza ndani, tukalifunika turubai kwa sababu ya mvua. Watu wanne mabegani.

Sasa desturi ya huku: ukikutana na ingobyi njiani, unaweka chini mzigo wako unapokea mti wake begani. Huulizi. Wanaume watatu waliotoka sokoni wakapokea. Mzee mmoja akavua kofia, akapokea naye, akatembea na sisi hadi kwenye mteremko wa mwisho akihema. Hapo akauliza kwa upole, “Mugonjwa ni wa wapi?”

Mzee Ramadhani akamjibu bila kutabasamu, “Ni mugeni, Papa. Amelala miaka mingi, lakini atapona.”

Tulipofunua turubai kwenye lori nilidhani mzee atatupiga. Kacheka mpaka kakaa chini. Halafu kapanda tena na sisi kwenda kuchukua jino la pili. Mimi sijacheka hivyo tangu tulipoishi Uvira, Kongo.

Jumatatu, 20 Januari

Winchi imetoka. Nyundo, mafuta, matusi. Nyuma ya Bibi kuna matundu ya bolti, manne kila upande, mazima. Nilifurahi kama dakika tano.

Mabano ya ripa, vile vishikizo vyake, yalitengenezwa kwa mashine kubwa zaidi. Matundu hayakutani. Yamepishana vidole viwili. Nimepima mara nne kana kwamba kamba itanionea huruma.

Mzee Ramadhani hataki nitoboe mwili wa Bibi. Anasema humo ndani mna gia zake, nyumba ya gia ikipasuka ndiyo kifo. Nakasirika kwa sababu yuko sahihi.

Jumatano, 22 Januari

Njia nimeipata. Bamba nene la chuma kati ya Bibi na ripa, moja kila upande. Bamba linafungwa kwa bolti kwenye matundu ya Bibi, na mabano ya ripa yanachomelewa juu ya bamba. Mwili wa Bibi hauguswi. Nilimchorea Mzee vumbini kwa kijiti. Kaangalia sana. Kasema, “Haya.” Kutoka kwake hiyo ni hotuba.

Mafuta ya presha nayo: Bibi ana njia moja tu, ya kuinua sepeto. Nimeweka bomba la kugawa. Ukiligeuza huku unainua sepeto, kule unashusha meno. Vyote viwili kwa pamoja, hapana. Atazoea.

Asubuhi silaha zimelia ng'ambo ya mto Ruzizi, Kongo, upande wa Kamanyola. Hatujui nani anampiga nani. Nimetoboa matundu huku nikisikiliza. Jioni nikapita kitaluni. Miche imefika kwenye kifundo cha mguu, kijani, mizuri. Uzuri wake unaniumiza.

Ijumaa, 24 Januari

Mimi ni mjinga. Naandika polepole ili nilisome vizuri. Mjinga.

Saa sita Mzee Ramadhani alikwenda msikitini. Aliniambia nimsubiri, tuchomelee pamoja, kwanza tuwashe moto wa makaa chuma kipate joto taratibu. Mabano yale ni chuma cha kumiminwa, hakipendi kushtuliwa. Hata mimi najua. Lakini prezida alikuwa amesema atapita saa tisa, nami nilitaka akute Bibi amevaa meno. Nilitaka aone kazi ya fundi wa Kongo. Nikachomelea peke yangu, haraka, kwenye chuma baridi. Halafu, ili nifunge bolti upesi, nikakimwagia ndoo mbili za maji kipoe.

Prezida alifika. Mzee akarudi, akanusa mvuke. Akapanda. Meno yakashuka, yakauma mwamba. Bibi akavuta. Ta! Kama bunduki. Watu wawili walilala chini kwa mazoea. Bano la kushoto limepasuka kutoka juu hadi chini.

Mzee akashuka. Mbele ya wote kaniambia, “Chuma ya moto habaimwangiaka mayi, Papa Solange.” Basi. Akaenda kwake. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Methali ya haraka na baraka naijua. Asinikumbushe mtu.

Jumamosi, 25 Januari

Umuganda leo, kazi ya wote. Sekta nzima, vijiji vyote vya hapa, ilikuwa inasafisha mfereji, wenyeji na sisi, na kila mtu alipita mbele ya Bibi na bano lake lililopasuka. Wengine walinipa pole. Pole inauma kuliko kicheko. Maman Solange alikuwa kwenye mstari na jembe lake. Hakunitazama, nami sikumtazama.

Katikati ya kazi Maman Zubeda, dada yake Mzee Ramadhani, mwenye kinu cha mpunga, kasimama akaangalia mpasuko. Kauliza shida ni nini hasa. Nikamweleza: chuma kikichomelewa lazima kipoe polepole sana, siku nzima au zaidi, na hapa hatuna tanuri.

Kanitazama kama mtoto aliyekosa hesabu ndogo. “Mimi natiaka makala mu makapi ya mupunga asubui, na magaribi bado iko inawaka. Muzike chuma yenu mule.”

Makaa ndani ya makapi hupoa polepole. Nyuma ya kinu chake kuna mlima wa makapi. Nimepita mbele yake kila siku miaka saba.

Jumatatu, 27 Januari

Tumefanya. Tumeyashusha mabano na mabamba yake, nimeukwangua mpasuko mpaka chuma safi. Tumewasha makaa chini ya mabano yote mawili tangu alfajiri. Mzee Ramadhani anajua joto kwa kutema mate, akisikiliza yanavyolia. Amenizuia mara tatu. Mara tatu nimetii. Nimechomelea yakiwa bado moto, jasho linaingia machoni, yeye akigeuza makaa.

Kabla ya saa kumi tumeyazika kwenye makapi ya Maman Zubeda, kina cha mkono mzima.

Miche ina siku ishirini na nne.

Jumanne, 28 Januari

Hatufukui. Mzee kakataza. Kaleta kigoda, kakaa kando ya lundo kutwa nzima kama kuku anayeatamia. Nilimwambia hivyo. Kasema angalau kuku anajua kungoja. Nimestahili.

Nimekaa naye. Tumekula mihogo ya kuchoma. Kaniuliza Uvira kukoje, nikamwambia. Nikamuuliza wakati wa vita kulikuwaje hapa. Kasema kidogo, akaacha. Sikumsukuma.

Jumatano, 29 Januari

Tumefukua saa tatu. Chuma kilikuwa bado vuguvugu, kama mkate. Nimepita na nyundo ndogo kila mahali nikisikiliza. Kinalia safi.

Bolti, nati, mabomba ya mafuta. Saa nane Bibi amesimama na meno yake. Mzee hakupanda. Kaniashiria nipande mimi. Nimekataa, kasisitiza, nimepanda. Nimeshusha meno. Gia ya kwanza. Yameteleza kidogo, yakashika, na chini yangu mwamba ukaanza kulalamika. Nikageuka kutazama. Jiwe linafunguka nyuma yetu, vipande vikubwa kama masanduku, na mabano kimya.

Nimelia kwenye kiti cha Bibi. Kelele ya injini imenisitiri. Hatua ishirini hivi, halafu nikamrudishia Mzee mashine yake. Yeye anajua kuiendesha, mimi nilikuwa nalima ovyo.

Ijumaa, 31 Januari

Mwamba umekwisha saa tano. Mzee akaenda kuswali. Nimemngoja. Prezida kanung'unika, nimemngoja hivyo hivyo.

Saa nane tumefungua maji. Maji ya kwanza yalikuwa machafu, yakisukuma majani na vumbi, yakienda polepole kuliko mtu anayetembea. Sisi wote tumetembea nayo kando. Jua likiwa linashuka yalifika kwenye kiwanja cha nne kutoka mwisho. Udongo ukayanywa yote. Ukaendelea kunywa. Nimesimama hapo mpaka ukashiba.

Jumatatu, 3 Februari

Tumepanda.

Miche ina siku thelathini na moja. Mingine ilikuwa imeanza kugeuka njano, nimeitupa. Nilidhani kona itabaki wazi. Mzee Ramadhani kaja na mafungu sita ya miche aliyobakiza, kayaweka kwenye ukingo, kaondoka. Huku wakulima hufanya hivyo, inayobaki hupewa jirani wa chini yako kwenye mfereji. Sasa mimi ni jirani yake wa chini.

Mistari yangu imepinda. Maman Zubeda kapita akasema fundi anapanda kama mlevi. Ya Maman Solange imenyooka, sijui alijifunza wapi.

Saa kumi tumemaliza. Tumekaa ukingoni, mimi na Maman Solange, miguu ndani ya maji. Kahesabu kwa vidole, kanawa tope, kasema kwa sauti ya kawaida, “Mwezi wa sita tutakula muchele yetu.”

Tangu tuvuke mto miaka saba iliyopita sijawahi kumsikia akitaja mwezi ambao bado haujafika. Sikumwambia. Nilisema ndiyo, mwezi wa sita. Tukakaa kidogo, halafu akaenda kuwasha moto.