Nilijibu "Naelewa" kwa Niaba ya Habaryar

Mpendwa mshauri, assalamu alaikum, hili sijamwambia hata mama. Nimemaliza kidato cha nne hapa Habaswein na nyumbani nahesabiwa msomi, kwa hiyo habaryar, yaani dada mdogo wa mama, alipouza ngamia wawili na kutaka pesa zikae kwenye mfuko wa ETF wa dhahabu, ule unaonunuliwa kama hisa, mpaka duka lake lijengwe, alinipa simu nimjazie fomu kwa kuwa hasomi, na fomu ikauliza kama mnunuzi anaelewa kwamba baadhi ya mifuko hii ni bidhaa changamano, nami sikuelewa ila wanawake wa sokoni walikuwa wananitazama, na habaryar akaniuliza, "Abaayo, mwanangu, hii kitu ni rahisi ama ngumu?" nikamjibu, "Rahisi, ni dhahabu tu," akawageukia wenzake, "Mmesikia? Karo yake haikuliwa na mbuzi," nikaweka tiki kwenye "Naelewa". Baadaye nikasoma jina lote la mfuko, lina maneno "mara mbili kwa siku", na pesa zinatumwa Jumatatu. Je, ni ngumu kweli? Nawe unayewasomea wengine gazeti hotelini, tafadhali ukurasa huu uruke.

Msichana wa Habaswein

Waalaikum salaam, binti yangu. Kutojua si aibu. Ila ulimjibia mtu mzima swali usilolielewa, na ngamia si wako.

ETF si ngumu kwa sababu ya jina. Mfuko unaonunua dhahabu na kuiweka ghalani ni kama kundi la ngamia la watu kumi: ukitaka kuwahesabu, wapo. Bei inaweza kushuka, lakini unajua ulicho nacho. Huu wa habaryar unategemea mikataba ya kulipa mara mbili ya mabadiliko ya bei ya siku moja, faida au hasara. Tuseme dhahabu ni mia. Leo ishuke hadi tisini, kesho irudi mia: mwenye dhahabu yuko palepale. Habaryar aliyeweka mia leo atakuwa na themanini, na kesho, ikiongezwa asilimia ishirini na mbili ya hizo themanini, karibu tisini na nane. Bei imerudi, pesa hazikurudi. Hiyo ni bidhaa changamano, na haimfai mtu anayeweka pesa miezi akisubiri fundi.

Mpigie wakala anayeuza mfuko huo kabla ya Jumatatu. Mwambie majibu hayakuwa ya mwenye pesa, fomu ifutwe, aulizwe habaryar mwenyewe kwa Kisomali. Mpe ule mfano wa kundi. Kuhusu ngamia atauliza maswali ambayo wewe hukuyafikiria. Swali la kama ni halali mpelekeeni sheikh, na karatasi ya mfuko mkononi.

Ukurasa huu hautarukwa. Msomee habaryar wewe mwenyewe, kabla hajausikia hotelini.