Boti Anayoitaka Shemeji Yako

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili,
Nyuma ya kiwanda cha uchapaji.
Jumatano, tarehe 14 Agosti.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu nyingi, na natumaini zitakukuta umesimama wima, maana mara ya mwisho uliniambia mgongo umekukunja kama bawaba. Je, umekuachia? Na wifi yangu anaendeleaje na macho baada ya operesheni? Mwambie asiharakishe kurudi kwenye cherehani. Nguo za watu zitamsubiri. Sisi huku wazima. Nasema wazima nikiwa namaanisha neno lenyewe, kwa sababu wiki mbili zilizopita nusura barua hii uandikiwe na binti yetu, tena ikiwa na habari nyingine.

Unajua shemeji yako alistaafu mwaka jana. Miaka thelathini na mmoja kwenye mitambo ya kuchapa, ikamwachia sikio moja zima na saa ya ukutani. Miezi ya kwanza alikaa tu dirishani akiangalia wenzake wakiingia zamu. Nikimuuliza kitu anajibu "ndiyo" hata kama swali halikutaka ndiyo. Niliogopa kimya kile, Kaka.

Kilichomrudisha ni samaki. Alianza kwenda ziwani na fimbo ya kuvulia, anasimama ufukweni asubuhi nzima, anarudi na samaki wawili na maneno mia. Nikafurahi. Basi akaanza kusema kwamba samaki wakubwa wako ndani, si pembeni, na kwamba anahitaji boti. Si mtumbwi, boti ile yenye usukani katikati, umesimama kama mimbari, ili mvuvi azunguke pande zote na fimbo yake bila kukwama popote.

Nawe unajua mimi na maji. Ni wewe uliyenivuta kwa nywele kutoka kwenye dimbwi la machimbo nikiwa na miaka saba. Tangu siku ile hata ndoo ikijaa sana moyo unanienda mbio. Lakini ningemwambiaje mtu aliyeanza tena kucheka kwamba asinunue? Nikasema nitaenda naye kuchagua. Nilidhani nikiwepo nitaweza kumpunguza kasi.

Muuza boti kule gatini wanamwita Kepteni. Ana kofia nyeupe yenye nanga, na nilivyosikia baadaye, hajawahi kuongoza chochote kikubwa kuliko kivuko cha kamba. Alituonyesha boti ndefu, nyeupe, inang'aa kama sahani mpya, na injini nyuma kubwa kama jokofu. Niliona kitu kimoja tu: ukingo wa ubavuni ulinifikia magotini. Nikauliza, mtu akipepesuka hapa atashika nini? Kepteni akacheka. "Mama, hili ni ziwa. Maji baridi. Hakuna mawimbi humu."

Pale penye usukani palikuwa na kamba nyekundu iliyojisokota kama waya wa simu za zamani. Shemeji yako akauliza ni ya nini. Kepteni akaizungushia kwenye chuma, akaipiga fundo. "Hiyo inasumbua tu miguuni." Tukavaa majaketi ya kujiokolea kwa sababu mimi niligoma kupanda bila hayo. Kepteni hakuvaa lake.

Tulipofika katikati alimwachia shemeji yako usukani, mwenyewe akaenda mbele kabisa kutuonyesha mahali pa kusimama na kurusha ndoano. Mimi nilikaa kwenye kiti kidogo mbele ya usukani, nimekumbatia chuma kwa mikono miwili. Nilimsikia Kepteni akipaza sauti, "Punguza kwanza, ndiyo ukate kona!" Lakini upepo ulikuwa unatokea upande wa lile sikio bovu. Baadaye aliniambia alichosikia yeye ni "kata kona" peke yake.

Akaikata, Kaka. Boti ililala ubavu kama mtu anayegeuka kitandani. Kepteni akaporomoka chini, paji la uso likagonga sanduku la nanga, akabaki amejikunja anashika mkono na kuguna. Nikageuza shingo nyuma. Hapakuwa na mtu kwenye usukani.

Injini iliendelea kunguruma. Boti ikawa inajizungusha yenyewe, duara moja, na ndani ya duara hilo nikaona jaketi la rangi ya machungwa na kichwa cha mume wangu. Kila tukizunguka duara linazidi kubana, na zile panga za injini zinamsogelea. Yalikuwa maji ya shingo, na safari hii si kwa kusema tu.

Sasa nakuambia jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote kwa siku sita. Sikusimama. Nilijua kabisa kinachotokea, nilikuwa namwona, na mikono haikukubali kuachia kile chuma. Tulizunguka mara moja nikiwa nimekaa. Tukazunguka mara ya pili nikiwa nimekaa.

Mara ya tatu sijui nini kilinisukuma. Nilishuka chini, nikatambaa kwa tumbo kuizunguka ile mimbari, nikajivuta hadi kwenye usukani. Mbele yangu mishikio, taa, vitufe. Kulikuwa na mshikio mkubwa lakini niliogopa nikiusukuma vibaya tutaongeza mwendo. Halafu nikaona funguo. Nikazungusha funguo kama ninavyofunga mlango wa nyumbani. Injini ikanyamaza.

Ule ukimya! Boti ikateleza kidogo, ikasimama. Yeye alikuwa karibu kiasi kwamba niliona miwani haipo usoni. Alipanda kwa ngazi ya nyuma, taratibu, akaketi sakafuni akitiririka maji. Kepteni, damu ikimchuruzika kwenye nyusi, akaturudisha gatini kwa mkono mmoja. Hakutusindikiza hata hadi langoni.

Nilidhani habari ya boti imeishia pale, na Mungu anisamehe, nilishukuru. Lakini shemeji yako alirudi dirishani. Siku nne, kaka yangu, "ndiyo" tupu. Fimbo zake akazifunga kwenye gazeti akazisukuma nyuma ya kabati. Hofu ya ziwani ilikuwa ya dakika mbili. Hii nyingine nilikuwa naamka nayo na kulala nayo.

Siku ya tano nikaenda peke yangu kwenye karakana moja ya kutengeneza boti, nyuma ya soko la mbao. Mwenyewe ni mama mmoja mwenye mikono ya grisi hadi kwenye viwiko. Wote wanamwita Fundi. Nilimweleza yote, isipokuwa ile mizunguko miwili. Nilipofika kwenye ile kamba nyekundu alifunga macho kama mtu aliyeumwa jino. "Ile kamba inafungwa kwa anayeendesha," akasema. "Akianguka, inachomoka, injini inakufa palepale. Mlikuwa mnaendesha kifo."

Nikamleta shemeji yako kesho yake kwa hila; nilimwambia kuna mtu ana mashine mbovu anataka ushauri. Fundi hakumbembeleza. Alimpa bisibisi, akamwambia agonge sakafu ya boti moja kwa mpini, asikilize kwa sikio zuri. Koh, koh, koh, halafu bup. "Hapo pameoza chini," akasema shemeji yako. Lilikuwa neno lake refu kuliko yote wiki ile. Wakagonga boti tatu hivyo, wameinama kama madaktari wawili.

Waliyoichagua ni fupi, ya kijivu, haina uzuri wa kumwonyesha mtu. Ukingo wake unanifika kiunoni. Kitako chake si bapa, kina ncha kidogo, ili upepo ukichafua ziwa isiwe inapiga maji makofi. Injini ya wastani. Shemeji yako alilalamika kwamba haina mbio. Fundi akamtazama. "Mzee, unakwenda kuvua samaki au kukimbizana nao?" Akacheka, Kaka. Mimi nikageukia ukutani nikajifuta macho.

Kisha Fundi akaniita. "Mama, sasa wewe." Akanifanya nizime injini mara kumi, boti ikiwa bado juu ya magogo, mara tano za mwisho nimefumba macho.

Jioni ile, shemeji yako alikuwa anamenya viazi jikoni, nikashindwa kuendelea kubeba. Nikamwambia, "Nilikaa mizunguko miwili. Nilikuona na sikusimama."

Hakuacha kumenya. "Najua. Nilikuwa nakuona."

Nikataka ardhi inimeze. Nikamuuliza mbona hajasema kitu siku zote hizi.

"Niseme nini? Nilikuwa naomba usisimame. Nilisema moyoni, huyu akisimama ataanguka naye, na hajui kuogelea. Ulipoanza kutambaa ndipo nilipoogopa kweli."

Basi, tukamenya viazi vilivyobaki pamoja, vingi kuliko tunavyoweza kula.

Nimejiandikisha kujifunza kuogelea kwenye bwawa la shule ya jirani, pamoja na watoto wa darasa la pili. Katika kundi zima ni mimi peke yangu ninayelia. Mwalimu ananiita Bibi Jiwe kwa jinsi ninavyozama, lakini jana nilielea hadi alipohesabu kumi na mbili.

Boti inaingia majini Jumamosi, saa mbili asubuhi, nami nitakuwemo. Binti yetu amenikataza kwa simu mara tatu. Usidhani nimekuwa jasiri. Tangu Jumapili kila usiku naota lile jaketi. Ila nimewaza nikaona kwamba nikibaki ufukweni nitaogopa vilevile, tena nikiwa mikono mitupu. Utuombee siku hiyo, Kaka, na ukiweza uamke mapema.

Nisalimie sana wifi, mapacha wako, na yule mama mkwe wako mcheshi. Shangazi wa huku anakusalimu na kudai picha. Shemeji yako anasema samaki wa kwanza ni wako, ingawa atalazimika kumla kwa niaba yako. Mungu akulinde nchi kavu na majini, akunyooshe mgongo, na atukutanishe tukiwa wote tungali tunapumua.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa moyo wote,
Chiriku