Mpira wa Redio na Sinia la Maharagwe

Mama Akinyi wangu uliyetangulia,

Kaloleni nzima hakuna mzee anayefuata mpira wa redio kama mimi. Nafumba macho, najua nani anao na nani anajiangusha apate penalti. Haya, usinicheke huko uliko. Ni uongo. Wewe ndiye uliyekuwa ukifuata redio. Mimi nilikuwa nafuata mkono wako.

Lile sinia letu! Maharagwe mekundu timu yangu, meupe timu yako, punje ya mahindi ndiyo mpira. Mtangazaji akisema kona, wewe umeshaisukuma. Harage likipewa kadi nyekundu, unawarushia kuku. Nami nikilalamika kwamba mwamuzi amekula kitu kidogo, unanijibu, "Baba Akinyi, mwamuzi ni mimi. Nyamaza, nisije nikakutoa na wewe."

Ndondi tulichezesha na viazi vitamu viwili, zikanoga, maana ngumi unaisikia. Mbio ndefu pia: mtangazaji anahesabu mizunguko, wewe unapitisha punje ukingoni mwa sinia. Tenisi ndiyo ilitushinda. Punje huku, punje kule, huku, kule, mpaka ikaingia chini ya kabati. Ukasema, "Huu si mchezo wa redio. Huu ni wa watu wenye shingo." Mpaka leo sijaelewa, lakini nacheka.

Sasa binti yetu ameniletea televisheni. Mimi na kichwa changu kigumu nikawasha na redio kando yake. Mama, redio inapiga kelele "bao!", na kwenye kioo mpira bado uko katikati ya uwanja! Nikamuuliza Akinyi, kati ya hawa wawili nani mwongo?

"Baba, si uzime moja."

Nikazima televisheni, nikatandaza maharagwe mwenyewe. Dakika kumi hazijaisha, timu zote mbili zinashambulia goli moja. Sijui ni masikio, sijui ni kichwa, ama ni wewe uliyeondoka na uwanja.

Lakini una deni langu. Mchana ule wodini ulisinzia mechi haijaisha. Ulipoamka nikakusimulia mwisho wake, nikaongezea timu yako mabao mawili ili utabasamu. Ukasema, "Hii nitakurudishia."

Basi Jumapili saa kumi kuna mechi. Nikisinzia kwa kiti, njoo dakika tano tu, uniambie mpira uko wapi.

Mzee wako msumbufu,
Baba Akinyi